Ndege inaua ndege, na mtama unaliwa palepale. Wajuzi wa kweleakwelea njooni

#1 Mwamiaji_Kanda (mleta mada)

Wakuu, habari za saa hizi.

Mimi ni mkulima wa mtama na uwele huku Kanda ya Kati. Ndege nimeanza kuwaamia nikiwa na miaka saba. Aliyekaa dunguni ananielewa: unaamka giza, kunapambazuka uko juu na kombeo na debe bovu, unashuka jua limeshazama. Machi hadi Mei shule tulikuwa tunaisikia kwa wenzetu tu. Leo nina watoto wangu, na ikifika miezi hiyo walimu wao wananiuliza maswali yaleyale aliyokuwa anaulizwa baba.

Msimu uliopita kundi la kweleakwelea, hawa ndege wadogo wala nafaka, lilitua bondeni kwenye migunga, mwendo wa saa moja kwa mguu kutoka mashambani. Tulitoa taarifa mapema. Jibu tulilopewa ni kwamba ndege ya kunyunyizia dawa iko mkoa mwingine, tusubiri. Imekuja siku ya kumi na moja. Mtama wa waliochelewa kupanda ulishabaki masuke matupu, na wengine tulishavuna mabichi ili kuokoa chochote. Ikapita jioni mara mbili tatu juu ya bonde, ikaondoka.

Kesho yake alfajiri nikaenda na mdogo wangu. Kweleakwelea walikuwa chini kama majani ya mwembe, sikatai. Lakini kati yao kulikuwa na njiwa, bundi mmoja, na tai wawili wameanguka karibu karibu. Mwewe mmoja alikuwa hai, amekaa chini, mabawa yanatetemeka, ananitazama tu. Pembeni mama mmoja na binti yake wanajaza beseni mboga. Tuliwaambia waache, wakatujibu mbona wamekufa jana tu, hawajaoza.

Siku nne baadaye, kundi jingine.

Nina maswali mawili. La kwanza: huu unyunyiziaji unapunguza kweleakwelea kweli, au ni mazoea? Nimeiona ile ndege tangu utoto na kweleakwelea nao nimewaona tangu utoto. La pili: hao tai na bundi nani anawahesabu? Wasije watu kuniambia mimi ni wa kutetea ndege. Nikimpata kweleakwelea kwenye suke langu simwachi. Nauliza kwa sababu nimechoka kupoteza pande zote mbili.

#2 JichoTatu

Mkuu unalia na tai wakati watu watakosa ugali? Tai analima? Leteni ndege tatu, zipige kila bonde nchi nzima, mwaka mmoja tu kazi imeisha. Tatizo letu ni kufanya mambo nusu nusu.

#3 Dungu Refu

JichoTatu, tupige hesabu kidogo maana hesabu haina chama.

Kweleakwelea ana gramu kama 20 tu. Kwa siku anakula punje karibu gramu 10. Kwa hiyo kundi la milioni moja linahitaji tani 10 kila siku, bado zile wanazodondosha chini wakigombana. Na milioni moja kwa kweleakwelea ni kikao cha familia. Bara zima wanakadiriwa kufika bilioni moja na nusu baada ya kuzaliana, ndiyo maana wanatajwa kuwa ndege wa porini wengi kuliko wote duniani. Umeua milioni tano bonde moja? Hujanyoa hapo, umechana tu.

Mleta mada, pole. Kuvuna mabichi naijua. Ugali wake unanata kama gundi.

#4 Mstaafu_Viuatilifu

Nimefanya kazi ya kudhibiti visumbufu vya mlipuko kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Nitaandika kirefu, mwenye haraka apite.

Swali la kwanza la mleta mada lina jibu, na jibu hilo lilipatikana zamani sana. Miaka ya 1950 na 1960 serikali nyingi Afrika zilifikiri kama JichoTatu. Lengo lilikuwa kuwapunguza mpaka waishe. Zilitumika sumu, baruti na mapipa ya petroli chini ya miti. Kule Afrika Kusini waliuawa mamilioni kwa mamilioni, na msimu uliofuata ndege walikuwa palepale. Sababu si ugumu wa kuelewa. Karibu nusu ya kweleakwelea wazima hufa wenyewe kila mwaka kwa njaa, ukame na kuliwa. Ukiua milioni kumi bondeni, wengi wao ni wale ambao wangekufa hata hivyo, na waliobaki wanapata chakula cha kutosha zaidi. Jike anataga mayai matatu hivi, anaatamia kama siku kumi, makinda yanaruka baada ya wiki mbili hivi. Tangu dume aanze kusuka kiota hadi koloni, yaani kundi linalozaa pamoja, lihame, ni wiki sita tu. Wakimaliza hapa wanahama na kuzaa tena kwingine msimu huohuo.

Kuhama kwao kunafuata mvua, na hapa ndipo utafiti ulipotufungua macho. Peter Ward, mtafiti Mwingereza, alieleza jambo hili mwaka 1971. Mwisho wa kiangazi kweleakwelea wanaishi kwa mbegu kavu za nyasi zilizo ardhini. Mvua za kwanza zikinyesha, mbegu zote zinaota ndani ya siku chache na chakula kinatoweka. Ndege wananenepa haraka kwa mchwa na mbegu zilizobaki, halafu wanaruka kuvuka lile eneo la mvua hadi mahali iliponyesha wiki nyingi nyuma, ambako nyasi zimeshatoa mbegu mpya. Baadaye wanarudi nyuma kidogo kidogo wakizaliana. Kwa hiyo kundi la bondeni kwako si la kwako, mkuu. Wiki tatu nyuma lilikuwa mkoa mwingine, pengine nchi nyingine.

Wengi hawajui kwamba chakula chake anachokipenda si mtama wako. Ni mbegu ndogo za nyasi za porini. Anakuja shambani nyasi zikipungua, au shamba likiwa karibu na anapolala. Mahindi hayasumbui kwa sababu punje ni kubwa na imefunikwa. Mtama, uwele, ulezi, mpunga na ngano ndiyo misiba.

Tangu hapo kanuni ya kitaalamu ni kulinda zao, siyo kupunguza ndege. Maana yake unanyunyizia kundi linalotishia mashamba yaliyofikia kutia maziwa au kukomaa, na unalinyunyizia kabla halijala. Koloni lililo porini mbali na mashamba unaliacha. Kundi ambalo shamba lake limeshavunwa unaliacha. Hiyo safari ya siku ya kumi na moja aliyoisema mleta mada, kwa kanuni hiyo, haikupaswa kufanyika kabisa. Ilifanyika kwa sababu taarifa ilikuwa mezani na mafuta yalikuwa kwenye tangi. Nami nimewahi kusaini safari za namna hiyo, siwezi kujificha.

Naja kwenye sumu jioni, mjukuu ananiita.

#5 Kipanga77

Shikamoo mzee Mstaafu. Nikusubiri kwenye sumu, lakini kwenye tai nianze mimi, maana ndiyo kazi yangu, natembeza wageni wanaokuja kuangalia ndege.

Koloni la kweleakwelea ni karamu. Mti mmoja wa mgunga unaweza kuwa na mamia ya viota, na koloni linaweza kuchukua hekta nyingi. Makinda yanaanguliwa karibu siku moja, yote manono, mengine yanaanguka yenyewe. Wawindaji wa angani wanaijua habari hiyo kabla ya afisa kilimo. Wanakuja tai, mwewe, kozi, vipanga na korongo wakubwa wenye kibofu shingoni. Usiku bundi, na ardhini vicheche, fisi na nyoka. Kusini mwa Afrika wameonekana hata tai wa nyika wanaotoka Urusi na Kazakhstan kukimbia baridi, wanakaa kwenye koloni wakila makinda. Huyo tai tangu 2015 yuko kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka duniani.

Sasa fikiria sumu inamwagwa palepale. Kweleakwelea aliyepata kidogo hafi pale, anaruka kwa shida, anaenda kuanguka mbali. Mwindaji yeyote humchagua anayeruka kwa shida. Kwa hiyo tai anayekufa kwa sumu ya kweleakwelea mara nyingi hafi bondeni ambako mtu atamwona. Wale wawili wa mleta mada ni wale waliowahi.

Halafu angalieni Kiswahili chetu kilivyo: ndege inaua ndege. Chombo na kiumbe tumevipa jina moja, kinachovitenganisha ni hiyo *i* na *a* tu. Mtu wa nje akisikia anadhani tunatania.

#6 Pori_Kwanza

Nakazia! Tumbusi wamepungua Afrika kwa asilimia 62 na ni kwa ajili ya hii sumu ya kweleakwelea. Wizara inajua na imenyamaza.

#7 Kipanga77

Hapana mkuu, hapo umechanganya, na tukichanganya wakulima hawatatusikiliza tena.

Hiyo asilimia 62 ni wastani wa kupungua kwa spishi nane za tumbusi barani Afrika kwa miongo mitatu hivi, utafiti wa 2015. Sumu ndiyo iliyoongoza, asilimia 61 ya vifo vilivyorekodiwa, na waganga wa jadi wakafuata kwa asilimia 29. Ila sumu inayozungumzwa pale kwa sehemu kubwa ni ya mizoga. Mfugaji ng'ombe wake kauawa na simba, anapaka mzoga dawa ya wadudu ili kulipiza. Au jangili anapaka mzoga wa tembo ili tumbusi wasizunguke angani kuwaonyesha askari alipo. Hayo ni mambo tofauti na dawa ya kweleakwelea. Tumbusi ni mla mizoga, wanaopigwa zaidi koloni likinyunyiziwa ni wawindaji na waokotaji wa ndege wadogo. Tuseme kosa lilipo, tusilisogeze.

#8 Bi_Mkubwa_wa_Skimu

Wanangu salamu. Mimi nalima mpunga bonde la Usangu, niko kwenye skimu ya umwagiliaji tangu wengine humu hamjazaliwa.

Mmeandika vizuri lakini naona nyote mnazungumzia migunga. Kwetu kweleakwelea analala kwenye matete, ndani ya maji. Ikinyunyiziwa pale, dawa inakwenda kwenye maji ambayo samaki wanaishi na ng'ombe wanakunywa, na nyuma yetu kuna hifadhi. Sijui hilo linakaaje, mzee Mstaafu atatuambia.

Ila nataka kusema moja ambalo halihitaji dawa. Kwenye skimu yetu kweleakwelea hawamli kila mtu. Wanamla aliyetangulia peke yake na aliyechelewa peke yake. Maji yakifunguliwa kwa zamu mbaya, huyu anapanda Desemba, yule Januari, yule Februari, basi ndege wana meza iliyoandaliwa miezi mitatu. Mwaka tuliokubaliana blok nzima kupanda ndani ya wiki mbili, kila mtu alipoteza kidogo na hakuna aliyelia. Mwaka uliofuata wajanja wawili wakawahi maji usiku. Mmoja alivuna magunia manne kwenye ekari ambayo humpa ishirini. Sikumwonea huruma, Mungu anisamehe.

Na magugu. Shamba lenye nyasi zenye mbegu pembezoni ni kama kumwekea mgeni kiti barazani.

#9 JichoTatu

Mama mkubwa shikamoo. Hilo la kupanda pamoja nakubali. Lakini mtama wa Dodoma hauna maji ya kufungua, mvua ikija kila mtu anapanda anavyoweza. Na ile mbegu ya mtama mwekundu mchungu mliyotuambia ndege hawaili, mwaka juzi waliila mpaka bua.

#10 Bi_Mkubwa_wa_Skimu

Marahaba mwanangu. Mchungu ndege anauacha akiwa na chaguo. Asipokuwa nalo anaula kama mgonjwa anavyokunywa dawa. Na nyie mkilima mchungu wanunuzi wanataka mweupe, kwa hiyo tuache.

#11 Mstaafu_Viuatilifu

Nimerudi. Nawapongeza, uzi haujaharibika bado.

Sumu yenyewe inaitwa fenthioni, na watu wa kazi wameizoea kwa jina la biashara, Queletox. Ni ya kundi la viuatilifu vya fosforasi vinavyoshika mishipa ya fahamu. Mwilini kuna kimeng'enya kinachoitwa kolinesterasi, kazi yake ni kuzima ujumbe wa neva baada ya kufika. Fenthioni inakifunga. Ujumbe hauzimiki, misuli inatetemeka, mwisho pumzi inakata. Yule mwewe aliyekuwa anatetemeka, mleta mada, ulikuwa unaangalia hilo kwa macho yako. Watafiti huchukua damu ya ndege na kupima kimeng'enya hicho. Kikishuka, wanajua amepata dawa hata kama bado anaruka. Kwa njia hiyo wamethibitisha kwamba ndege wasiolengwa nao wanaipata.

Ilianza kama dawa ya wadudu, ilitumika hata kwa viluwiluwi vya mbu. Iligundulika kwamba ndege ni wepesi sana kufa kwayo kuliko wanyama wengi, ndipo ikapewa kazi hii. Bi Mkubwa, hapo ndipo jibu lako lilipo: dawa iliyozaliwa kuua viluwiluwi majini haiwezi kuwa salama kwa vijidudu vya majini ambavyo samaki wako wanakula. Malazi ya matete ndiyo mabaya kuliko yote kunyunyizia. Tulikuwa tunajua, na tulikuwa tunayanyunyizia, kwa sababu mpunga una sauti kubwa.

Inamwagwa jioni, ndege wanapoingia kulala, kwa matone madogo sana yanayoelea. Kiasi kidogo cha dawa kali sana: gramu 640 za kiini, yaani sumu yenyewe, kwa lita. Upepo ukigeuka, matone hayaulizi njia.

Na kuhusu mama wa beseni: asiokote mtu ndege wa bonde lililonyunyiziwa. Kuoza hakuhusiani. Dawa iko juu ya manyoya na ndani ya nyama, na aliyejipaka mikononi wakati wa kunyonyoa ameshaipata kabla ya kula. Tulitakiwa kutangaza kijijini kabla ya kila safari. Mara nyingine tulitangaza baada.

Kimataifa, nchi ya Chad ndiyo iliyopeleka hoja kwenye Mkataba wa Rotterdam, ule wa biashara ya kemikali hatari kati ya nchi na nchi, kwamba aina hii ya gramu 640 na zaidi ni hatari kwa watumiaji wa mazingira yetu. Hoja ilikaa miaka mingi, kwa kuwa mkataba ule huamua kwa wote kukubaliana na kila kikao alipatikana wa kukataa. Mwaka 2025 hatimaye iliingizwa kwenye orodha. Msikimbilie kushangilia: kuorodheshwa siyo kupigwa marufuku. Maana yake nchi inayoingiza lazima iarifiwe na iridhie kwanza. Nani ataridhia na kwa masharti gani ni mambo ya kila serikali.

#12 Mzaramo_wa_Data

Mzee, si kulikuwa na dawa ya kuvu iliyotumika kwa nzige bila kudhuru wanyama? Kwa nini isitumike na huku?

#13 Mstaafu_Viuatilifu

Umenikumbusha jambo zuri. Mwaka 2009 nzige wekundu walikuwa wanalipuka kwenye mbuga za Iku-Katavi, bonde la Ziwa Rukwa na Malagarasi. Maeneo hayo ni makazi ya tembo, viboko na twiga, na nzige wekundu wana mazalia ya kudumu humohumo. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na lile shirika la nzige wekundu lenye makao Ndola, Zambia, wakanyunyizia kwa helikopta kuvu anayeitwa Metarhizium, zaidi ya hekta elfu 10. Kuvu huyo anamwingia nzige kupitia ngozi, anamla taratibu, nzige anadhoofika na kufa baada ya wiki moja hadi tatu. Ndege akimla nzige huyo hapati kitu. Ilikuwa mara ya kwanza Afrika kutumia kuvu kwa nzige kwa ukubwa ule, na ilifanyika hapa nyumbani.

Ila nyuma yake kulikuwa na miaka mingi ya maabara kutafuta kuvu anayebagua. Kwa kweleakwelea ugonjwa unaombagua yeye na kumwacha mnana na shorewanda mimi siujui, na nisingependa mtu aufungue porini. Ndugu zake ni wengi mno.

Utafiti uliosaidia kwa kweleakwelea ni wa kutabiri. Kwa kuwa wanafuata mvua, kusini mwa Afrika walitengeneza mfumo unaosoma mvua kwa setilaiti na kuonyesha wapi patafaa kutaga. Ukijua mapema, unawahi koloni changa na unajua lipi liko karibu na mashamba na lipi la kuachwa. Sasa kuna na droni, ambazo zinaweza kupiga miti kumi badala ya bonde zima. Droni sizikatai. Naogopa tu zitafanya unyunyiziaji uwe rahisi mpaka uwe mwingi.

#14 Ngosha_Mpole

Kutoka nje ya mada kidogo, mods mtanisamehe. Kule kwetu tatizo ni panya, na mwaka jana vijana wamemuua bundi aliyekuwa anakaa kanisani, eti analetea watu msiba. Baada ya miezi panya wakawa wanakula mahindi tuliyofukia, yaani unapanda asubuhi, kesho mashimo.

#15 Kipanga77

Hauko nje ya mada hata kidogo. Huyo panya shamba anachunguzwa na watu wa SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro kwa miongo sasa. Jike mmoja anazaa kumi na zaidi kwa mkupuo. Waligundua kwamba mvua nyingi za mwanzo wa msimu, Novemba na Desemba, ni dalili ya mlipuko mwaka unaofuata, kwa hiyo unaweza kujiandaa kabla hujaona hata kinyesi. Halafu kuna jaribio lililofanyika kwenye mashamba ya mahindi hapa nchini: sehemu moja wakaifunika nyavu wawindaji wasiingie, nyingine wakaweka nguzo za kutua na masanduku ya viota kuwavutia. Kulikofunikwa panya waliongezeka haraka zaidi na kilele chao kilikuwa juu zaidi.

Bundi peke yake hamalizi mlipuko, nisikudanganye. Lakini aliyeua bundi wa kanisani amemwondoa mlinzi ambaye hakuwa anadai mshahara. Mzee Mstaafu akiunganisha na ya kwake: tunawanyunyizia bundi bondeni, halafu tunanunua sumu ya panya dukani.

#16 Mrangi_Asilia

Nimesoma toka mwanzo nikicheka polepole. Wakuu, huku Kondoa kweleakwelea ni kitoweo.

Babu zetu walikuwa wanasuka vitego kama vikapu kwa nyasi ngumu. Mlango unabana kwenda ndani, ndege anaingia kufuata punje, akitaka kutoka haoni pa kutokea. Mtu mwenye vitego vingi na anayejua sehemu za kunywea maji harudi mikono mitupu. Tunakaanga, tunakausha, tunauza. Walikuja hata watafiti, wakajaribu na nyavu laini za kunasia ndege kwenye malazi, wakawa wanapima kama kutega kunaweza kuchukua nafasi ya dawa kwenye makundi madogo.

Sisi hatujawahi kumaliza kweleakwelea na hatutaki kuwamaliza, ni kama samaki wetu. Ila mashamba yaliyo karibu na wategaji hayaliwi kama ya kwenu.

#17 JichoTatu

Kutega mamilioni kwa vikapu? Acha utani mkuu.

#18 Mstaafu_Viuatilifu

Si utani. Kule Chad, karibu na N'Djamena, wategaji wa kabila la Wamasa (siyo Wamasai wetu) wanatumia nyavu za pembetatu za mkononi, usiku, kwenye malazi. Ilikadiriwa wanakamata ndege milioni 5 hadi 10 kwa mwaka, wanauzwa wamekaangwa mjini. Hakuna safari ya dawa niliyowahi kuisaini iliyoacha watu na kitoweo.

Ina mipaka yake. Kundi la milioni kadhaa juu ya mashamba yanayokomaa halisubiri vikapu. Wavu unanasa na wasiohusika, lazima mtegaji akae karibu awaachie. Na kamwe usitege mahali ambapo dawa imepita karibuni. Lakini kwa malazi madogo, na haya ndiyo mengi, ningeanza na Mrangi kabla ya kupiga simu uwanja wa ndege.

#19 Mwamiaji_Kanda (mleta mada)

Mzee wangu, asante kwa kusema na yale ya kusaini. Wengi wasingesema.

Mrangi, nina swali la mtu mwenye shida. Kikapu kimoja kinachukua siku ngapi kukisuka? Na nyasi gani?

#20 Mrangi_Asilia

Aliyezoea, asubuhi hadi adhuhuri. Wewe utakaa siku mbili na kidole kitatoka damu. Nyasi huwezi kuelezwa kwa maandishi, kila kijiji kina jina lake. Njoo ukiwa umeshavuna, zimekauka vizuri. Nitumie ujumbe pembeni.

#21 Mwamiaji_Kanda (mleta mada)

Mrejesho, wakuu, najua uzi umelala miezi mingi.

Nilikwenda. Nimerudi na vikapu vitano nilivyosuka kwa mkono wangu na kimoja cha mwalimu wangu, hicho cha mwalimu ndicho kizuri. Msimu huu kikundi chetu cha wakulima tisa tulikubaliana mambo matatu: kupanda ndani ya wiki moja baada ya mvua ya kwanza ya maana, kufyeka nyasi mipakani kabla hazijatoa mbegu, na kutega kwenye lambo tangu kundi la kwanza lilipoonekana. Wawili hawakupanda nasi, mvua iliwakuta safarini.

Mwezi wa tatu lilikuja kundi, si kubwa kama la mwaka ule. Siku ya kwanza vikapu sita vilinipa ndege thelathini na mbili na njiwa watatu niliowaachia. Mmoja wa njiwa alirudi kesho yake, sijui ni yuleyule au wanafanana. Tulipoteza, ndiyo, hasa wale wawili waliochelewa, lakini hatukuvuna mabichi. Taarifa ofisini tulipeleka kama kawaida, safari hii tukaandika kundi linakadiriwa kiasi gani, liko umbali gani na mtama umefikia hatua gani. Afisa alikuja kwa pikipiki, akaangalia, akasema hili halihitaji ndege. Hatukubishana naye.

Watoto bado wanakwenda dunguni, lakini kwa zamu, jioni baada ya shule.

Mgunga ule mkubwa wa bondeni una tai. Mmoja tu. Kipanga77, nimempiga picha kwa simu lakini yuko mbali, anaonekana kama nukta. Ana miguu yenye manyoya hadi vidoleni na rangi ya udongo mkavu. Ni nani huyo?

#22 Kipanga77

Itume hiyohiyo nukta.